Mvua ya Monza, Hesabu ya Ifakara

Ukisimama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda mjini Ifakara utasikia pikipiki zikisemwa kama watu wa ukoo. Boxer ana moyo. TVS hanywi mafuta. Mchina ni mzuri mwaka wa kwanza tu. Vijana hubishana hivyo kutwa nzima wakisubiri abiria, mmoja kalala chali juu ya siti, miguu kaitupa kwenye usukani. Lakini ubishi huishia kwenye jina lililobandikwa ubavuni mwa tangi. Nani alimzaa Boxer, na ndugu zake wako wapi duniani, hilo halijadiliwi kijiweni.

Linajibika. Boxer hutengenezwa na kampuni ya Bajaj Auto ya India, ile ile iliyotupa neno bajaji. Katika miaka ya 1980 Bajaj ilishirikiana na Kawasaki ya Japani, na mwaka 1986 ushirika huo ukatoa pikipiki iliyoitwa KB100. Boxer za mwanzo, za mwishoni mwa miaka ya 1990, ziliuzwa huko India zikibeba majina yote mawili, Kawasaki na Bajaj. Kampuni hizo zilikuja kuachana katika biashara ya India mwaka 2017, na Boxer ya leo ni ya Bajaj peke yake. Ila ukoo haufutwi kwa kuachana. Pikipiki inayovuka daraja na gunia la mpunga kutoka Lupiro ina ndugu wa mbali anayeitwa Ninja ZX-10R, na ndugu huyo, pamoja na mdogo wake ZX-10RR, alichukua ubingwa wa dunia wa Superbike mara saba kati ya mwaka 2013 na 2020.

Hii ni historia ya timu iliyouleta ubingwa huo. Ninaisimulia kutoka Kilombero kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo bonde letu linalihitaji kuliko kasi, nalo ni namna ya kuigawana mvua.

*

Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko. Upande mmoja imeshikwa na Milima ya Udzungwa, upande mwingine na milima ya Mahenge, na katikati mto hutanuka kila masika hadi mashamba na mto huwa kitu kimoja. Mwaka 2002 tambarare hiyo iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wenyeji hawakuhitaji orodha kulijua hilo. Maji ndiyo yaliyowapa mpunga na samaki, na maji hayo hayo ndiyo yaliyowafungia njia.

Kwa miaka mingi mtu wa Ifakara aliyetaka kwenda Mahenge au Malinyi alisubiri kivuko. Usiku mmoja wa dhoruba, Januari 2016, kivuko hicho kilizama kikiwa na watu na magari. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la mita 384 lililopewa jina la Magufuli, na watu waliozoea kupanga safari kwa kuangalia mto wakaanza kupanga kwa kuangalia saa. Reli ya TAZARA ilikuwa imeshapita hapa tangu miaka ya 1970, lakini treni ina siku zake, na haiingii shambani.

Aliyeingia shambani alikuwa baiskeli. Ifakara ni mji wa baiskeli. Ardhi yake bapa humsamehe mpanda baiskeli, na hapa mama mtu mzima huendesha yake hadi shamba, jembe limefungwa nyuma, bila mtu kugeuka kumtazama. Pikipiki ilikuwepo pia, ila ilikuwa kitu cha mwenye ofisi. Alikuwa nayo padri, kwani Wakapuchini wa Uswisi walifanya kazi hapa kwa miongo mingi. Alikuwa nayo bwana shamba. Walikuwa nazo watu wa utafiti, maana mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alifungua mjini hapa maabara ndogo iliyokuja kukua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Pikipiki ya mtu wa namna hiyo ilikuwa na tairi za makucha na mafuta ya mradi. Ikiharibika, kulikuwa na karakana. Yeye akianguka, kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu, kwanza za Kichina, kisha za Kihindi. Neno bodaboda lilikuwa limeshazaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Tanzania ilitunga kanuni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, zikisimamiwa na SUMATRA, ambayo kazi yake leo inafanywa na LATRA. Tangu hapo kazi hiyo ikawa na leseni na mahali pa kuegesha. Ndani ya muda mfupi pikipiki ikawa gari la wagonjwa, basi la wanafunzi, lori la mpunga na teksi ya usiku. Jambo moja tu halikufuatana nayo. Pikipiki ya padri na ya mtafiti ilikuwa na ofisi nyuma yake. Hii mpya ilikuja bila ofisi, na aliyekaa juu yake alikaa peke yake.

*

Sasa tutoke bondeni, tumfuate yule ndugu wa mbali.

Mashindano ya dunia ya Superbike yalianza mwaka 1988, na bingwa wa kwanza alikuwa Mmarekani Fred Merkel, juu ya Honda. Yanatofautiana na MotoGP kwa sheria moja ya msingi. Katika MotoGP kiwanda hutengeneza chombo cha mbio tu, ambacho hakuna duka linalokiuza. Katika Superbike pikipiki ya mbio lazima iwe imezaliwa na pikipiki inayouzwa kwa umma, na kiwanda lazima kionyeshe kuwa kimetengeneza idadi iliyowekwa. Kwa miaka ya karibuni idadi hiyo ni 500. Timu inaruhusiwa kubadilisha mengi, lakini haiwezi kuja na kitu ambacho mwananchi hawezi kukinunua. Ni mchezo wa mabingwa unaochezwa kwa bidhaa ya dukani, na ndiyo sababu mtu wa kijiweni anaweza kuuelewa haraka.

Kawasaki ilionja ubingwa huo mapema. Mwaka 1993 Mmarekani Scott Russell alishinda juu ya ZXR750. Kisha ukaja ukame wa miaka 20. Mwaka 2009 kampuni ilijitoa MotoGP, wakati uchumi wa dunia umeyumba, na ikabaki na Superbike, ambako pikipiki zake ziliendeshwa na timu ya Mwingereza Paul Bird. Matokeo hayakuwa ya kusifiwa. Mwaka 2012 kazi ikakabidhiwa kwa Provec, timu ya ndugu wawili wa Kikatalani, Guim na Biel Roda, waliokuwa wakihangaika na Kawasaki katika daraja dogo la Supersport. Jina jipya likawa Kawasaki Racing Team. Mpanda pikipiki wao mkuu alikuwa Mwingereza Tom Sykes, aliyerithiwa kutoka timu ya zamani.

Mwaka huo wa kwanza ndio unaonirudia akilini kila masika.

Mbio za Monza, Italia, zilinyeshewa. Superbike hukimbia hata kwenye mvua, ila mvua ikizidi na mbio zikakatizwa mapema, sheria ilikuwa na jibu tayari: pointi hutolewa nusu. Mshindi wa kawaida hupata 25. Siku ile mshindi aliandikiwa 12.5, na mshindi alikuwa Sykes.

Msimu ukaendelea hadi Oktoba, mbio za mwisho, Magny-Cours, Ufaransa. Mvua tena. Aliyekuwa anaongoza, Max Biaggi wa Aprilia, alianguka katika mbio za kwanza za siku ile. Katika mbio za pili Sykes alishinda, na Biaggi akamaliza wa tano. Wakahesabu. Biaggi alikuwa na pointi 358. Sykes alikuwa na 357.5.

Nusu pointi. Timu iliyokuwa na mwaka mmoja tu ilikosa ubingwa wa dunia kwa tofauti ndogo kuliko inavyowezekana kwa siku ya jua. Na mwenye kupenda hesabu anaweza kujiumiza zaidi. Kama mbio za Monza zingelipwa kamili, Sykes angeongeza 12.5 na kufika 370, na Biaggi hata angekuwa wa pili siku ile asingezidi 368. Mvua ilimnyang'anya Sykes ubingwa, na iliunyang'anya kwa mkono wa sheria.

Angeweza kusema sheria ile ni mbaya. Lakini itazame vizuri. Haikumwambia mtu yeyote kwamba mvua ni shauri lake. Iliandikwa kabla ya msimu, mawingu yakiwa hayajakusanyika, na ilisema kwamba siku iliyokatwa italipwa kama siku iliyokatwa, kwa mshindi na kwa wa mwisho, kwa Mwingereza na kwa Mwitaliano. Kila mmoja alibeba nusu yake. Sykes alipoteza zaidi kwa sababu alikuwa wa kwanza. Mwaka uliofuata, 2013, alirudi akauchukua ubingwa huo, wa kwanza kwa Kawasaki tangu Russell.

*

Timu si kitu kitamu muda wote. Mwaka 2014 Sykes alifika mbio za mwisho, Losail huko Qatar, akiwa mbele ya Mfaransa Sylvain Guintoli kwa pointi 12. Katika mbio za kwanza mwenzake wa timu, Loris Baz, alikuwa wa pili na Sykes wa tatu, na ukutani mafundi walimwonyesha Baz ubao wa kumtaka ampishe mwenzake. Baz hakumpisha. Guintoli alishinda mbio zote mbili, na Sykes akapoteza ubingwa kwa pointi 6. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba nafasi ile ingempa pointi 4 tu, na angepoteza bado kwa 2. Lakini watu wawili waliovaa kijani kile kile walimaliza mwaka bila kutazamana vizuri, na msimu uliofuata Baz hakuwemo.

Nafasi yake ilichukuliwa na Jonathan Rea wa Ireland ya Kaskazini, mtoto wa ukoo wa pikipiki; baba yake aliwahi kushinda katika kisiwa cha Man mwaka 1989. Rea alikuwa amekaa miaka kwenye Honda akishinda hapa na pale. Akawekwa mikononi mwa mkuu wa mafundi Pere Riba, Mhispania aliyewahi kushindana mwenyewe. Yaliyofuata hayajawahi kuonekana katika mchezo huo: ubingwa wa 2015, 2016, 2017, 2018, 2019 na 2020, sita mfululizo.

Wa mwaka 2019 ndio unaofundisha. Ducati ilileta pikipiki mpya na Mhispania Álvaro Bautista, naye akashinda mbio 11 za kwanza bila kupumzika. Kwenye barabara iliyonyooka Kawasaki ilikuwa ikiachwa waziwazi. Wakati mmoja Rea alikuwa nyuma kwa pointi 61. Kijana wa kijiweni anajua mtu aliyezidiwa injini hufanya nini: hulala juu ya tangi, hukaza mkono, huingia kwenye kona asipoweza kutoka. Rea hakufanya hivyo. Alikubali kuwa wa pili, akawa wa pili tena, akakusanya. Bautista alianza kuanguka, mbio hii na ile, na mwisho wa mwaka ubingwa ukabaki pale pale ulipokuwa. Uvumilivu wa namna ile hautokani na moyo peke yake. Mtu huweza kukubali nafasi ya pili leo ikiwa ana uhakika kwamba kesho asubuhi atakuta pikipiki imekazwa, tairi limechaguliwa, na mshahara wake hautegemei jioni ya leo.

Kisha zamu ikageuka, kama zinavyogeuka zote. Mwaka 2021 Kawasaki ilileta ZX-10RR mpya ikitarajia kuruhusiwa mizunguko mingi zaidi ya injini. Wasimamizi wakaona haina tofauti ya kutosha na ile ya zamani, wakaibakiza kwenye 14,600 kwa dakika. Mturuki Toprak Razgatlıoğlu wa Yamaha akachukua ubingwa. Mwaka 2023 Rea alishinda mbio moja tu, huko Most, Jamhuri ya Cheki, na mwisho wa msimu akahamia Yamaha. Mwaka 2025 timu ya akina Roda ilibadilisha hata jina la chombo. Kawasaki ilikuwa imenunua sehemu ya Bimota, kiwanda kidogo cha Italia, na sasa injini ya Kawasaki ikapanda ndani ya fremu ya Bimota. Pikipiki hiyo inaitwa KB998. Ndiyo, K na B, herufi zile zile zilizobandikwa India mwaka 1986 kwenye kile kichombo kilichomtangulia Boxer.

*

Kwa hiyo timu ni nini? Kwenye televisheni unamwona mtu mmoja juu ya chombo kimoja. Nyuma yake kuna mkuu wa mafundi, mafundi wa injini, mtu wa tairi, mtu wa kompyuta anayesoma kila breki iliyokamatwa, mpishi, dereva wa lori, na anayetafuta wadhamini. Lakini orodha hiyo haitoshi, kwa maana kijiwe nacho kina watu wengi. Tofauti huonekana siku mbili tu, siku ya kuanguka na siku ya mvua.

Siku ya kuanguka, Superbike imejifunza kwa kuzika. Tarehe 21 Julai 2013, huko Moscow, Mwitaliano Andrea Antonelli, aliyekuwa akiendesha Kawasaki katika daraja la Supersport, alianguka kwenye mvua akagongwa na waliokuwa nyuma yake, wasioona kitu kwa maji yaliyoruka. Alikuwa na miaka 25. Mbio zilizobaki siku ile zikafutwa. Septemba 2021, huko Jerez, alikufa Dean Berta Viñales, mtoto wa miaka 15, katika daraja la pikipiki ndogo. Siku ile nayo ikafungwa, na muda mfupi baadaye wakuu wa mchezo wakatangaza kupandisha umri wa kuanza kushindana. Sheria hizo zilichelewa kwa hao wawili. Lakini kifo kilisimamisha kazi, na kilibadilisha karatasi.

Katika bonde letu kifo au mguu uliovunjika husimamisha kijiwe kwa siku moja. Wenzake huzima injini, huongozana na jeneza kwa msafara wa pikipiki, honi zikilia hadi makaburini. Hupitisha daftari, kila mtu huandika elfu mbili, elfu tano. Aliyelazwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hupelekewa uji na wenzake kwa zamu. Wema huo ni wa kweli, na haufai kudharauliwa na mtu anayeandika kutoka mezani. Ila asubuhi inayofuata mkataba uko vile vile ulivyokuwa.

Mkataba ndio tuutazame. Bodaboda wengi hawamiliki pikipiki wanayoendesha. Wako wa aina mbili. Wa hesabu humpelekea mwenye pikipiki kiasi fulani kila siku, na pikipiki hubaki ya mwenyewe daima. Wa mkataba hupeleka kila siku hadi jumla waliyokubaliana itimie, kisha kadi ya pikipiki hugeuzwa jina, na chombo huwa chake. Tuseme ni shilingi 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mzima. Hiyo ni siku 312, na jumla yake ni shilingi 2,496,000. Mafuta ni yake, oili ni yake, cheni na tairi ni vyake. Akiugua, humpa chombo deiwaka atafute, ili hesabu isilale.

Na mwenye pikipiki, bosi, mara nyingi si tajiri wa kumchukia. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni mama mwenye duka la mchele, amekopa kwenye SACCOS au VICOBA ili anunue Boxer moja, na mkopo wake pia una tarehe. Hakuna mwovu kwenye karatasi hiyo. Kuna watu wawili wenye madeni, na pikipiki moja katikati.

Sasa lete mvua. Machi inaingia, Aprili inaingia. Njia za Malinyi zinakuwa uji. Watu waliokuwa wakienda sokoni wanabaki ndani, na waliokuwa na pesa za mpunga walishazimaliza kwa ada na mbolea. Kuna siku abiria ni watatu tangu alfajiri. Hesabu ni ile ile 8,000. Sasa ukiona kijana anapita kwa kasi gizani, barabara inateleza, na mishikaki ya abiria wawili nyuma yake, tunasema ni ujana, au bangi, au hana akili. Huenda. Lakini mara nyingi anakimbiza 3,000 iliyobaki. Sehemu kubwa ya mwendo wa bodaboda wakati wa masika haitoki kwenye injini ya cc 150, inatoka kwenye kiasi kilichoandikwa siku ya jua na watu waliosahau kuitaja mvua.

Ndiyo maana nimeipeleka safari hii hadi Monza. Watu wa Superbike si wema kuliko sisi. Ni wafanyabiashara, wana wadhamini wanaotaka jina lao lionekane, na televisheni inayotaka mbio zikimbizwe. Hata hivyo walikaa chini kabla ya msimu wakaandika kwamba mvua haina mwenyewe, hivyo hasara yake ni ya wote. Nusu kwa mshindi, nusu kwa wa mwisho. Waliiandika wakijua siku moja itamuumiza mtu, na ikamuumiza Sykes mbele ya dunia nzima, na hakuna aliyepata ruhusa ya kuifuta usiku ule kwa sababu inauma.

Jambo hilo linaweza kufanyika Ifakara bila mradi wala semina. Tuseme mkataba unasema hivi: siku ambayo kijiwe chote kimekubaliana kwamba mvua imefunga kazi, hesabu ni nusu, na nusu iliyobaki inasogezwa mwisho wa mkataba. Masika yakiwa na siku 30 za namna hiyo, bosi hapotezi hata shilingi. Nusu 30 ni siku kamili 15, naye atazipata mwishoni, pikipiki ikiwa bado nzima na kijana akiwa bado ana miguu miwili. Anachotoa bosi ni subira ya wiki mbili na nusu. Anachotoa kijana ni kuchelewa kuimiliki kwa muda huo huo. Kila mmoja anabeba nusu.

Yapo pingamizi, na yanajulikana kijiweni kabla hayajaandikwa. Bosi atasema vijana wataigeuza kila wingu kuwa mvua. Ndiyo maana uamuzi usiwe wa mtu mmoja. Huko Superbike mpanda pikipiki hasimamishi mbio mwenyewe. Kuna mtu wa kuinua bendera nyekundu. Kijiwe kina mwenyekiti na katibu, na kina daftari lile lile la michango. Daftari linaloweza kuandika nani ametoa elfu mbili ya msiba linaweza kuandika tarehe ya siku ambayo barabara ilikuwa chini ya maji. Bosi mwingine atasema mkopo wake hauna nusu. Hilo ni kweli, na ni hoja ya kupelekwa kwenye kikao cha VICOBA, ambacho wanachama wake wanaishi kwenye mvua ile ile.

Kofia ngumu nayo inaingia hapa. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban 42% na majeraha ya kichwa kwa 69%. Huko Superbike kofia hukaguliwa kabla mtu hajaingia njiani. Kwetu kofia hununuliwa na mwendeshaji, kwa pesa inayobaki baada ya hesabu, na ya abiria hununuliwa mwisho kabisa, kama itanunuliwa. Kofia mbili zingeweza kuwa ndani ya bei ya pikipiki tangu siku ya kwanza ya mkataba, kama vioo na kiti. Zikigawanywa kwa siku 312, hakuna atakayeziona.

Bonde hili limepata mengi lililoyasubiri kwa muda mrefu. Lina reli, na lina daraja ambalo mto hauwezi kulizamisha. Limepata hata chombo chenye damu ya mabingwa, kinachoweza kubeba magunia mawili hadi mahali ambapo lori hukwama. Timu ndiyo haijafika, na timu haiagizwi kutoka Pune wala Barcelona.

Mkataba wa pikipiki kwa kawaida ni ukurasa mmoja. Una majina mawili, namba ya chombo, kiasi cha kila siku, sahihi za mashahidi, na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa chini. Juu ya mhuri huo nafasi ya mstari mmoja zaidi haikosekani. Mikataba mingi huandikwa baada ya mavuno, watu wakiwa na pesa na anga likiwa jeupe. Huo ndio wakati wa kuutaja mwezi wa nne.